Gari Moshi Lililopotelea Njia ya Wajir

Jumamosi, 2 Agosti

Kibandani kwa Mahat tangu asubuhi. Joto. Feni imekufa tena. Mahat anatengeneza simu za watu mbele; mimi niko nyuma ya pazia na televisheni, mashine ya zamani ya gemu na rafu yangu ya kaseti. Watoto wanaingia, wananiambia wana hali gani, nawachagulia gemu. Duniani hii ndiyo kazi ninayoiweza.

Leo alikuja kijana aliyetolewa kwenye timu ya mpira. Amevimba kwa hasira. Alitaka gemu ya ngumi. Nikampa ile ya matofali yanayoanguka. Alinuna. Baadaye nilimchungulia, ametulia kama mtu aliyetoka kuoga. Kisha dada wawili wasiosemezana. Hao nikawapa ya mashua, ambayo mmoja hawezi kupiga kasia peke yake. Walitoka wakigombana, lakini wakisemezana.

Kwa mdomo nasema tu, "Jaribu hii." Hapa naweza kuandika ukweli: hakuna mtu Garissa anayezijua gemu za zamani kunishinda mimi. Za mashine za kijivu, za mashine nyeusi, za zile zilizokuja kabla Hooyo, mama yangu, hajaolewa. Najivunia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwetu Kiswahili ni cha shule na ofisi. Hakuna atakayejisumbua kukisoma chini ya mto wangu.

Mashine ni ya Abti Siyad, kaka yake Hooyo, baba yake Mahat. Zamani alikuwa na chumba cha gemu karibu na soko la mifugo. Alipokifunga akawa dalali wa ngamia. Sasa amelala. Kiharusi kilimpiga baada ya Idi. Mguu umeanza kurudi. Mkono wa kulia bado.

Daktari wa mazoezi amesema vidole visipobonyezwa kila siku vitakakamaa hivyo hivyo. Alimpa mpira wa kuminya. Abti aliutupa uani. Mbuzi ameutafuna.

Kwa dalali, mkono wa kulia ndio mdomo. Sokoni bei haitamkwi. Wawili wanaingiza mikono chini ya shali na kupatana kwa vidole, asione mtu. Bila vidole Abti si dalali. Mahat hucheka kila kitu. Hili hacheki.

Jumapili, 3 Agosti

Nimembebea Abti mashine mpaka kitandani. Pedi yake ina vitufe. Vitufe vinataka vidole. Mpango wangu ulikuwa huo tu.

Nikampendekezea gemu ya mpira. "Mpira bila jasho?" Nikampendekezea ya mbio za magari. "Wanakimbilia wapi hawa?" Ya tatu aliigeuzia ukuta. Nimewachagulia watoto wa mtaa mzima na sijakosea. Nimekosea kwa mtu ninayempenda.

Nilipokuwa nakunja nyaya alisema maneno mawili, mazito, upande mmoja wa mdomo. Gari moshi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeuliza. Mahat anakumbuka kidogo, alihadithiwa. Kwenye chumba cha Abti kulikuwa na gemu moja iliyopendwa kuliko zote. Treni inapanda milima. Maandishi yake ni ya Kijapani, hakuna aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo Garissa nzima iliiita Gari Moshi. Mji usio na reli. Watu wasiowahi kuona treni walipanga foleni kuiendesha.

Halafu utingo wa lori aliiazima aende nayo Wajir kwa Idi. Mvua zikaja. Barabara ikakatika. Hakurudi, wala kaseti.

Nimeandika kwenye jukwaa la mtandaoni la wakusanyaji wa gemu za zamani. Nimewaeleza yote: kidole gumba cha kulia kinatia makaa, kila kubonyeza koleo moja, mkono wa kushoto unachagua reli. Wamenitajia gemu nyingi za treni. Nimetazama picha zake zote. Siyo. Mmoja ameandika kwamba kitu kama hicho hakipo, huenda mjomba wangu anachanganya kumbukumbu.

Nimekasirika mpaka machozi. Abti hachanganyi.

Mahat alimwekea treni nyingine kwenye simu. Abti alikipapasa kioo mara moja, akamrudishia. "Hiyo ni picha ya maziwa," alisema.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya soko. Hooyo alinituma kwa muuza maziwa ya ngamia, nikapita kando ya zizi nikiangalia chini kama kawaida yangu. Mzee mmoja alikuwa anatafuta ngamia aliyepotea. Kwetu mnyama aliyepotea ni baadi. Mzee hakupiga kelele. Alisimama kwa kila kundi akaeleza: jike, rangi ya mchanga, chapa fulani, shingoni, upande fulani. Waliomsikia wataenda nayo maneno hayo visimani na njiani. Baadi haichinjwi wala haiuzwi. Anayeiokota anaitunza, hata miaka, mpaka aje mtu anayeweza kuitaja chapa kabla ya kumwona mnyama.

Nikakumbuka rafu yangu. Kaseti zote za Abti zina alama ya kuchomwa kwa msumari wa moto: duara lenye mkia. Nilidhani ni mapambo. Ni chapa ya ngamia zao! Alizipiga chapa kaseti zake zisiibiwe.

Basi Gari Moshi haikuibiwa. Ni baadi.

Nimekimbia na maziwa. Nusu yamemwagika. Hooyo amesema sana. Sijali.

Alhamisi, 7 Agosti

Mahat yumo kwenye makundi ya simu ya madereva na wafugaji, kuanzia Ijara mpaka Wajir. Alikubali kutuma ujumbe wa sauti kwa sharti kwamba sauti iwe yangu. "Profesa, mimi nikisema nimepoteza treni, nani ataniletea simu yake kutengeneza?"

Nilijifungia bafuni. Nilirekodi, nikafuta, nikarekodi. Mwishowe niliacha hivi:

"Assalaamu alaykum. Natafuta baadi. Ni kaseti ya gemu ya televisheni, ya kijivu, ukubwa wa kiganja, usoni ina picha ya treni. Chapa ni duara lenye mkia, upande wa kulia. Ilipotelea njia ya Wajir zamani, mikononi mwa utingo. Mwenyewe ni Siyad, dalali wa Garissa, na sasa ni mgonjwa. Aliyeiona atujulishe, Mungu amlipe."

Sauti inatetemeka mwanzo. Kwenye chapa haitetemeki.

Abti hatujamwambia. Tukikosa, asijue alikosa mara ya pili.

Ijumaa, 8 Agosti

Majibu. Mengi ni vicheko. "Hiyo treni ina maziwa?" "Tumeiona, imeolewa Mandera." Mahat ananisomea kwa sauti ya mtangazaji.

Mtu mmoja wa Kotile alituma picha ya kaseti. Lakini ni nyeusi, ya mpira, na haina chapa. Alikuwa nayo kabatini hajui kama ni nzima. Nilimwandikia aisafishe na aitunze, ni nzuri, wachezaji wake wanaanguka kwa kuchekesha, na wanawe wataipenda akipata mashine. Amefurahi. Hata katika kukosa nimependekeza gemu.

Kutoka njia ya Wajir, kimya.

Jumatatu, 11 Agosti

Imepatikana. Na nimeipoteza tena.

Simu ililia kibandani. Mahat alisikiliza, macho yakamtoka, akanisukumia. Sauti ya mzee, nyuma yake mbuzi wanalia. Galgalo, wa Hadado, upande wa Wajir. Lugha yake ni Kiborana, yangu Kisomali, tukakutana kwenye Kiswahili.

"Binti, hiyo kitu yako iko na chapa wapi?"

"Kulia," nikasema.

"Basi si yako. Hii ya kwangu iko kushoto. Endelea kutafuta, Mungu atakupa." Akakata.

Duara lenye mkia analo. Treni usoni anayo. Lakini kushoto. Nimezitazama kaseti zote kwenye rafu, moja moja. Chapa iko kulia. Kulia. Kulia. Je, kulikuwa na mtu mwingine mwenye chapa hii na kaseti za treni? Haiwezekani. Lakini hata mimi ningekuwa yeye nisingenipa.

Jumanne, 12 Agosti

Sijalala vizuri. Leo mambo mengi, naandika haraka.

Mchana Mahat alikuja nyumbani na kumwekea Hooyo ule ujumbe wangu ili wacheke. Mlango wa Abti ulikuwa wazi. Sauti yangu ikafika kwenye "upande wa kulia."

Kishindo. Abti amekaa kitandani, hajakaa peke yake tangu Idi. Uso umewiva.

"Nani amesema kulia?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia ni mimi. Nikamletea kaseti moja kama ushahidi, nikainyoosha mbele ya uso wake, kidole kwenye chapa. Kulia, Abti, ona.

Aliipokea kwa mkono wa kushoto akaigeuza inielekee, kama anayemshika ngamia kidevu. Maneno yalimtoka taratibu, yamepinda, lakini nimeyaelewa yote. Huyu ana uso. Anakutazama. Kulia kwako ni kushoto kwake. Chapa huhesabiwa kwa mwili wa mnyama, siyo kwa mwili wako. Ukoo wetu haujawahi kupiga chapa kulia, tangu babu yake babu.

Halafu, kwa dharau kabisa: "Na hawa wanafundishwa nini shuleni?"

Mahat alicheka mpaka akakaa chini. Hooyo alikuwa analia, kwa sababu kaka yake amekaa na anagomba. Mimi nilikuwa na aibu na furaha, sijui ipi zaidi. Mtoto wa ukoo wa ngamia, sijui kushoto kwa ngamia. Nimesoma sana. Nimesomea upande mmoja.

Alasiri Mahat alimpigia Mzee Galgalo, mimi nimesimama nyuma yake, spika wazi. Akaeleza kwamba ni kushoto.

"Jana kulia, leo kushoto," mzee akasema. "Kesho utasema mgongoni?"

Mahat akaapa.

"Wacha kuapa, kijana. Mimi ndiye nimewaambia kushoto. Sasa nyinyi mnanirudishia maneno yangu. Mnyama ya watu siwezi toa kwa mtu anahamahama. Iko alama ingine. Mwenyewe anajua. Hiyo sisemi."

Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Ni mlinzi mzuri kuliko mimi nilivyo mtafutaji.

Jumatano, 13 Agosti

Nilimwambia Abti kosa nililofanya na alivyosema mzee. Nilidhani atanigombeza tena. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyesikia kwamba ngamia wake yuko kwa watu waungwana. Kisha akachukua ile kaseti, akaigeuza juu chini, akaingiza ukucha wa kushoto ndani ya mdomo wa kaseti, pale inapoingia kwenye mashine. Akakwaruza pembeni kabisa. Ile ya treni tu, alisema. Ngamia kipenzi hukatwa sikio.

Mahat akachukua simu. Nikamwambia hapana. Aliyekosea ni mimi. Nikatoka uani, nikapiga.

Nilimsalimia Mzee Galgalo vizuri, nikamuuliza mifugo, nikamuuliza mvua. Nikamwambia ujumbe ni wangu na kosa ni langu, nilihesabu kulia kwa mkono wangu badala ya mwili wa mnyama. Akaguna. Nikasema: kuna mkato mdogo ndani ya mdomo, mwisho kabisa, upande wa kushoto. Nikaongeza: "Kushoto kwake, mzee. Si kwangu."

Nikasikia akinyanyuka. Sanduku linafunguliwa. Kitambaa. Mbuzi, mbuzi, mbuzi.

"Alhamdulillahi," akasema. "Chukua mnyama yako."

Utingo aliiacha kwake lori lilipokwama matopeni, akasema ni ya mtu wa Garissa, atairudia. Hakurudi. Mzee ameilinda miaka yote. Hajawahi kujua ni ya nini! Aliniuliza: "Na huyu kazi yake nini?" Nikamweleza. Treni, milima, makaa, reli mbili, kidole gumba. Nadhani sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemjua. Alicheka, akaita watu wa kwake, akawatafsiria. Nikasikia Hadado nzima inacheka treni.

Nilimuuliza tumpe nini. Akakasirika kidogo. Baadi hailipiwi. Anataka kitu kimoja tu: siku mnyama atakapokula, nimpigie simu.

Nimewaandikia watu wa jukwaa sentensi moja. Ipo, iko Hadado.

Jumamosi, 16 Agosti

Lori la mbuzi limefika. Dereva alisimama mbele ya kibanda akapaza sauti, "Mwenye treni ni nani?" Mtaa mzima uligeuka. Nikainua mkono. Mimi. Mbele ya watu wote.

Imefungwa kwa kitambaa cheupe, imefungwa tena kwa ngozi. Inanukia moshi wa uvumba. Duara lenye mkia, kushoto kwake. Mkato upo.

Mahat alitaka kuipuliza ndani. Nilimnyang'anya. Kila mtu hupuliza, na mate ndiyo yanayoleta kutu. Pamba, spirit, taratibu, meno yote mpaka pamba itoke nyeupe. Nikaiacha ikauke. Tukaenda nayo kwa Abti, na mashine pia.

Mara ya kwanza: kioo cha kijivu. Nikasafisha tena. Kijivu. Hooyo akasema labda imezeeka. Abti alinitazama tu mikono. Nikaitoa, nikairudisha bila kuisukuma mpaka mwisho, unywele mmoja tu juu. Hilo nililisoma zamani, kuhusu kaseti zilizokaa sana.

Filimbi. Kisha milima ya bluu. Kisha treni ndogo nyekundu, moshi wake mistari mitatu.

Abti alifunga macho kidogo, akayafungua. Nikamweka pedi mikononi, vidole vya kulia nikavipanga mwenyewe juu ya vitufe. Mkono wa kushoto ulijua kila kitu, reli zilikuwa zinabadilika kabla sijaziona. Gumba la kulia lilikaa tu. Bila makaa treni ikapunguza mwendo, ikasimama chini ya kilima cha kwanza, ikarudi nyuma.

"Tena," akasema.

Jumatatu, 18 Agosti

Kilima. Tena kilima. Abti amemtukana dereva wa treni, ambaye ni yeye.

Leo gumba limetikisika. Hooyo anasema hapana. Mimi nimeona. Koleo moja iliingia kwenye moto.

Jumanne, 19 Agosti

Koleo tatu, kisha uchovu. Amelala na pedi kifuani. Daktari wa mazoezi alikuja, akaniuliza gemu hii nimeitoa wapi. Nikaona aibu, nikasema, "Wajir." Akaniuliza kwa nini hii na si nyingine. Nikamjibu kwamba nyingine nyingi mtu anaweza kushinda kwa ujanja. Hii inataka kubonyeza tu, taratibu, bila kukata tamaa, na ukikosea inakurudisha chini bila kukuua. Aliandika. Neno langu, ameandika!

Alhamisi, 21 Agosti

Imepanda.

Saa ya alasiri, baada ya swala. Koleo, koleo, pumziko, koleo. Jasho linamtiririka Abti hadi ndevuni. Mahat amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, ameacha wateja. Treni ilikaribia kusimama kileleni, ikabaki pale kama inafikiria. Abti akauma mdomo. Gumba likashuka. Likainuka lenyewe. Likashuka.

Upande wa pili wa kilima kuna kijiji, na watu wadogo wanapunga mikono. Sikujua. Hakuna aliyewahi kunisimulia hilo. Mahat alitoka mbio nje akipiga kelele kwamba baba yake amefika, na majirani wakauliza amefika wapi.

Nilimpigia Mzee Galgalo.

"Amekula?"

"Amekula, mzee."

Alisema dua ndefu kwa Kiborana, sikuelewa hata neno. Nikaitikia amina kila alipopumua. Kisha akaniuliza kama kuna gemu ya mtu wa kuchunga mbuzi. Ipo, nikamwambia, najua moja. Nitamtafutia, na mashine yake pia. Nimeahidi.

Jumapili, 24 Agosti

Sanduku tayari. Kesho narudi bweni shuleni. Upepo kidogo leo, mapazia yanatembea.

Nilikwenda kumuaga Abti. Alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha. Nilimwambia lazima niirudishe mashine kibandani, watoto wananiuliza. Alivuta shali lake kutoka begani, akalitandaza juu ya mapaja yake, akanitazama na kungoja, mpaka nikaelewa na kuingiza mkono wangu chini.

Alinishika mkono mzima, maana yake tano, kisha akabonyeza vidole viwili. Siku saba. Mashine ikae kwake wiki nzima. Nikavuta mkono, kama nilivyoona wakivuta sokoni. Nikamrudishia tatu. Akatoa sauti ya mtu aliyetukanwa. Akarudi na saba. Nikampa tano. Uso wake hauna habari yoyote, kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Vidole vyake ni dhaifu. Lakini kila kimoja nilikisikia kikisema.

Mwisho alinipa mkono mzima, na kidole kimoja juu yake. Sita. Jumamosi ni ya watoto. Aliyepiga muhuri wa mwisho ni gumba.

Mahat alikuwa mlangoni na begi langu. Akauliza tumepatana ngapi.

Hatukumwambia.